Medali za babu zetu zibaki Ituri

Kukusanya kumbukumbu za kijeshi kunaonekana ni starehe ya matajiri wa Ulaya. Huku Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, tungepaswa kuifanya kazi yetu wenyewe. Babu zetu, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Ubelgiji, waliingia Tabora Septemba 1916, na Julai 1941 wakamlazimisha Jenerali Gazzera wa Italia asalimu amri huko Saïo, Ethiopia. Mnamo 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani jijini Kinshasa Albert Kunyuku, mkongwe wa mwisho aliyejulikana wa jeshi hilo aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia. Tofauti na medali nyingi za Uingereza, zile za Ubelgiji kwa kawaida hazikuchongwa jina la askari. Familia ikiuza medali bila maelezo, kinachobaki ni kipande cha shaba na utepe, na aliyekivaa anapotea. Kwa hiyo mkusanyaji wa kweli huanza na daftari: jina, kijiji, kikosi, picha na kitabu cha utumishi.

Wapo watakaosema jeshi hilo lilichapa wananchi viboko na kulazimisha uvunaji wa mpira. Ni kweli, na ndiyo sababu ushahidi wake usitupwe. Kuhifadhi si kusifu. Wengine watauliza: katika mkoa uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, nani athubutu kuweka vitu vya kijeshi nyumbani? Hofu hiyo ina msingi. Silaha, risasi na sare tusiziguse kabisa. Lakini medali, barua na picha hazimdhuru mtu. Vyuo vyetu vya Bunia vianze kuziorodhesha sasa, wajukuu wanaojua majina wangali hai.