Kabla wengine hawajaturekodi tena

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita kando ya msitu wa Ituri, Kongo, na mashine yake ya kunasa sauti, akawarekodi Wanande, Wambuti na majirani zao. Leo ukizitaka kanda hizo ubishe hodi Afrika Kusini, zinakohifadhiwa. Miaka 70 baadaye Mkenya Joseph Kamaru, maarufu kama KMRU, mjukuu wa yule Kamaru aliyevuma kwa nyimbo za Kikikuyu, alitoa *Temporary Stored*, kazi ya elektroniki iliyojengwa juu ya kanda za sauti za Afrika zinazohifadhiwa na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kijana huyu hubeba kinasa sauti kila aendako: ndege, mtaa, hata mvumo wa umeme kwake ni ala. Wapo watakaosema huo si muziki kwa kuwa hauchezeki. Mimi naona ni muziki, tena wenye kumbukumbu. Sasa vijana wa studio za Butembo, mnaoshinda mkitafuta midundo ya kuiga, sauti za hondohondo wa Semuliki na za motari, waendesha pikipiki wanaopanda vilima vyenu, mmemwachia nani? Simu mnazo. Rekodini, andikeni tarehe na mahali, na nakala ibaki kwetu.