Kaske za kuzima makelele: Bagira zinamfaa nani?

Katika komini ya Bagira, mtoto anayejitayarisha kwa Exetat anasoma akizungukwa na kanisa upande huu, nganda upande ule, na jenereta ya jirani inayoanza kunguruma mara tu SNEL inapokata umeme. Nyumba zimeshikana, na zile za mbao na mabati hazizuii hata kikohozi. Si ajabu basi kwamba vijana wanaulizia zile kaske kubwa za kufunika masikio zinazosemekana kuzima makelele. Je, zinastahili makuta yake?

Ndiyo, kwa watu wachache, na ndani ya nyumba tu.

Kaske hizi zina maikro ndogo zinazosikiliza kelele ya nje, kisha zinatoa sauti iliyo kinyume chake, na hizo mbili zinauana. Wazo si jipya: Mmarekani Amar Bose alianza kulifanyia kazi mwaka 1978, baada ya safari ya ndege iliyomchosha masikio. Lakini dawa hii inaponya ugonjwa wa namna moja, yaani mngurumo mzito usiobadilika: jenereta, mashini ya kusaga unga, injini ya basi. Sauti ya mtu, honi na kilio cha mtoto vinapunguzwa kidogo tu. Yaani jenereta itanyamaza, lakini mahubiri yatapita.

Faida yake kubwa haisemwi na wauzaji. Anayevaa ekuteri za kawaida karibu na nganda anapandisha muziki ili aishinde kelele, na hapo masikio yanaanza kuharibika. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu. Kaske nzuri inamruhusu kijana kusikiliza somo kwa sauti ya chini.

Bei ndiyo inauma. Sony WH-1000XM5 ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa karibu dola 400 huko Marekani, makuta ambayo familia nyingi za Bagira zingelipia kwanza masomo ya chuo. Zipo za Soundcore chini ya dola 100 ambazo zinapambana na mngurumo vizuri vya kutosha. Zile za bei ya chakula cha siku mbili, zenye majina makubwa yaliyoigwa, mara nyingi hazizimi kitu. Zinaziba masikio tu, kama mto. Muuzaji atakuwekea muziki kwa nguvu ili usigundue. Mwambie azime muziki, simama karibu na jenereta, kisha washa na uzime kile kitufe. Mngurumo usipobadilika, mrudishie kaske yake.

Umeme hausumbui sana hapa. Sony hiyo inakaa saa 30 bila kuchajiwa, na ikiisha bado inatoa sauti kwa waya, ingawa haizimi tena makelele.

Tatizo ni njiani. Anayetoka Bagira kwenda Nyawera akiwa amevaa kaske hizi hamsikii motari anayeshuka nyuma yake, na wakati mwingine motari mwenyewe amevaa za kwake. Usiku ni vibaya zaidi. Bukavu ni mji wa nyumba za mbao ambako moto ukizuka, kinachowaamsha watu ni kelele za majirani. Ni mji pia ambako wakaaji wamejifunza kulala sikio moja likiwa wazi, kwa sababu ya risasi. Mzazi anayemnunulia mtoto kaske amwambie wazi: ni za kusomea, na ukienda kulala unazivua.

Na kuna jambo lingine linaloudhi katika biashara hii. Mwenye nganda anapata wateja, kanisa linapata waumini, na gharama ya utulivu inaangukia mwanafunzi asiye na dola kumi. Wakuu wa avenyi wanaitwa kila juma kwa ugomvi wa mipaka ya viwanja. Wangeweza pia kwenda kuomba, katika majuma ya mtihani, baflu zizimwe kuanzia saa mbili hadi saa nne za usiku.