Miaka 130 ya Shirokanedai

Mwaka 2022, Taasisi ya Sayansi ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Tokyo, iliyoko mtaa wa Shirokanedai, ilitimiza miaka 130. Tunaipongeza kwa moyo mkunjufu, na katika mengi iliyoyafanya tumechagua kusimulia habari ya dawa moja ya kuzuia damu isigande.

Dawa yenyewe ni nafamostati. Hospitali za Japani zimeitumia tangu miaka ya 1980 kutibu uvimbe wa kongosho, na kuzuia damu ya wagonjwa wa figo isigande inapopita kwenye mashine ya kuisafisha. Machi 2020, dunia ikiwa imeanza kujifungia ndani kwa hofu ya korona, watafiti wa taasisi hii wakiongozwa na Profesa Jun-ichiro Inoue walitangaza kwamba dawa hiyo huenda ikakizuia kirusi kisiingie kwenye seli zetu.

Kirusi cha korona kina miiba ya protini, na kwa miiba hiyo hunasa kipokezi cha seli kiitwacho ACE2. Kunasa tu hakutoshi. Ni lazima mwiba ukatwe na kimeng'enya cha seli yenyewe, TMPRSS2, ndipo utando wa kirusi uungane na wa seli na vinasaba vyake vipenye ndani. Kimeng'enya hicho ni cha ukoo mmoja na vile vinavyogandisha damu, kwa hiyo dawa inayovizuia hivi yaweza kukizuia na kile. Mwezi huohuo watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walikuwa wameonyesha kwamba kamostati, dawa ya jamii hiyohiyo, hukizuia TMPRSS2. Tokyo waliona kwamba nafamostati hufanya kazi hiyo kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja ya kumi ya kamostati. Na kwa kuwa korona kali huleta mabonge ya damu, matumaini yalikuwa maradufu.

Waliwezaje kulifikia jambo hilo haraka hivyo? Kazi ilikuwa imekwisha kufanywa. Mwaka 2016, katika kutafuta dawa ya MERS, homa ya mapafu inayotoka kwa ngamia na ambayo kirusi chake ni cha ukoo wa korona, walipima takriban dawa 1,000 zilizokwisha kuidhinishwa, wakiangalia ipi inazuia tando zisiungane. Nafamostati ndiyo iliyojitokeza. Wakati ule MERS haikuwa imeenea Japani, na sidhani kama kuna mwanasiasa aliyeuliza matokeo yamefikia wapi. Taasisi iliwalipa watu wake mshahara wakaendelea kupima.

Hivyo ndivyo ilivyolelewa tangu mwanzo. Mwanzilishi wake, Shibasaburo Kitasato, alirudi kutoka maabara ya mtaalamu wa bakteria Robert Koch mjini Berlin mwaka 1892, akiwa amekwisha kushiriki katika ugunduzi wa tiba ya pepopunda kwa kingamwili, akakuta nyumbani hana pa kufanyia kazi. Mwandishi na mwalimu Yukichi Fukuzawa ndiye aliyemsaidia kupata jengo la kuanzishia taasisi. Miaka mitano baadaye mtafiti Kiyoshi Shiga akagundua katika taasisi hiyo bakteria wa ugonjwa wa kuhara damu. Mwaka 1914 serikali ilipoihamishia taasisi chini ya Wizara ya Elimu, Kitasato alijiuzulu na wengi wakamfuata. Lilikuwa pigo la kuiangusha taasisi yoyote, lakini hii ilisimama tena, na jina lake la sasa ikalipata mwaka 1967.

Heshima ya kweli inatutaka tuseme pia kwamba nafamostati haijaimaliza korona. Huvunjika ndani ya damu kwa dakika chache, hivyo mgonjwa hulazimika kukaa kwenye dripu. Kamostati ilipojaribiwa kwa wagonjwa waliolazwa Denmark haikuwaponya haraka zaidi. Nacho kirusi cha Omikroni hakitegemei sana TMPRSS2. Kina njia nyingine ya kuingilia. Hayo hayapunguzi lolote katika pongezi zetu, maana njia ya kuingilia imejulikana.

Tena MERS, ile iliyoanzisha utafiti wenyewe, haiko mbali nasi. Ngamia wa kaskazini mwa Kenya wamekutwa na kingamwili za kirusi chake, na wafugaji wa Marsabit huwakamua ngamia hao kila siku. Hakuna chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa kwa binadamu dhidi yake. Matokeo ya 2016 yapo, yamechapishwa, na maabara zetu zinaweza kuanzia hapo.