Kilo za Maji

Mama mdogo aliposhuka kwenye mizani ya kliniki, sote tulishangilia: ameongeza kilo tatu! Nikampigia simu mama mkubwa kule Pangani kumpa habari njema. Hakuna aliyetuambia kwamba kilo zile zilikuwa maji yaliyojaa tumboni na miguuni, huku misuli ikiyeyuka. Mimi niliyekuwa namwogesha nilipaswa kujua. Bangili yake ilikuwa inapanda hadi kwenye kiwiko.

Picha ya CT ilijua. Ileile inayopigwa kutafuta uvimbe huonyesha misuli pia. Ukichukua kipande kimoja cha picha kwenye pingili ya tatu ya kiuno, ukapima eneo la misuli na kuligawanya kwa mraba wa kimo, unapata namba inayoashiria nani yuko katika hatari ya kufa mapema. Watafiti wa Alberta, Kanada, walichapisha habari hizi mwaka 2008. Sipingi sayansi yao. Napinga tunavyoitumia.

Kwetu sisi misuli ilitajwa mara moja tu, siku ya kukatishwa tamaa. "Misuli imekwisha, mrudisheni nyumbani apumzike." Yaani kipimo kilichokaa kimya miezi yote kikafunguliwa kinywa ili kitoe hukumu!

Na mipaka yenyewe? 52.4 kwa wanaume, 38.5 kwa wanawake: ilitokana na wagonjwa wanene wa Kanada. Kumbandika nayo mwanamke mwembamba wa Tanga, aliyelima tangu utoto, ni uvivu. Tena ni hesabu ya kundi. Haijui siku ya mtu.

Najua nitakavyojibiwa: chakula peke yake hakirudishi misuli iliyoliwa na saratani. Kweli, na uji wa lishe niliokoroga kila asubuhi ni shahidi wangu. Lakini dozi za dawa nyingi za kemo hukokotolewa kwa uzito na kimo. Watu wawili wa kilo sawa, mmoja misuli imemwisha, hawaumizwi sawa na dawa ileile. Hapo ndipo kipimo kina kazi: dozi iangaliwe upya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aitwe, na familia iambiwe mapema, mgonjwa angali na nguvu za kusema anataka nini.

Mama mdogo alitaka kwenda Pangani kumwona dada yake. Alituomba mara mbili. Tukamjibu: subiri upone kwanza, mama, si unaona unanenepa?