Mfundisheni daktari wa kwanza kumwona mzee anayesahau

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa wakuu wa RBC (Kituo cha Tiba na Afya cha Rwanda), na kwa walimu wa Chuo cha Tiba na Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Rwanda.

Waheshimiwa,

Mzee anapoanza kusahau hapa Kigali, hapelekwi kwa bingwa wa ubongo. Humwona kwanza umujyanama w'ubuzima, yaani mhudumu wa afya ya jamii, wa mtaani kwake, kisha nesi wa kituo cha afya, na akipewa rufaa humwona daktari wa hospitali ya wilaya mwenye foleni iliyojaa ukumbini. Wenye shahada ya udaktari wa familia ni wachache, kwa hiyo hawa watatu ndio daktari wa familia wa Mnyarwanda wa kawaida. Ninawaomba muwafundishe kuutambua ugonjwa wa kusahau, ambao kitaalamu huitwa demensia, na kuuhudumia hapo hapo walipo.

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa umri wa kuishi nchini umefika miaka 69.6. Hiyo ni kazi yenu: chanjo, dawa za VVU, bima ya afya ya Mituweli, vituo vya afya hadi vijijini. Sasa waliookolewa wanazeeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, wengi wao katika nchi zisizo tajiri. Kwa jirani zetu wa Tanzania, watafiti walipowapima wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta kiasi cha 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wanao ugonjwa huu. Sioni sababu ya kudhani kwamba milima yetu imetukinga.

Mama yangu alianza kwa kusimamisha pikipiki za abiria na kumwagiza dereva ampeleke kwenye nyumba tuliyoihama zamani. Kituo tulichompeleka kilimpima presha, kikampa dawa ya maumivu, tukaambiwa ni uzee. Jirani akasema amelishwa sumu. Mchungaji akasema ni pepo. Nesi yule alikuwa mpole na alitusikiliza. Hakuna aliyewahi kumfundisha aulize nini baada ya presha.

Yapo mengi ya kuuliza. Usahaulifu ulioanza ghafla juzi unaweza kuwa malaria au maambukizi ya mkojo. Uliokuja baada ya kuanguka bafuni unaweza kuwa damu iliyovilia ndani ya fuvu, nayo huondolewa kwa upasuaji. Tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya miaka mingi, vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa bila cheti: vyote hivi vinaweza kumfanya mzee aonekane amepoteza akili, na vingi vina tiba vikigunduliwa mapema. Neno "uzee" likishatamkwa, hakuna anayetafuta tena.

Vipimo navyo vichaguliwe vinavyomfaa mtu wetu. Kumwambia bibi ambaye hakushika kalamu maishani achore saa ni kupima shule aliyonyimwa. Watafiti wa Hai na wenzao wa Nigeria walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Mzee anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliouona, anasikilizishwa maneno kumi na baadaye kuulizwa anayokumbuka, anaulizwa kazi ya daraja na jina la kiongozi wa kijiji chake. Hakihitaji kujua kusoma, na nesi anaweza kukitumia mezani kwake. Makueni nchini Kenya wahudumu wa afya ya jamii wamefundishwa kuwatambua wenye dalili wakiwa majumbani mwao. Tusione haya kujifunza kwa majirani.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo hatutalipata Hai wala Makueni. Utafiti wa RBC wa 2018 ulikuta miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi sonona kwa asilimia 35 na athari za kiwewe kwa karibu asilimia 28. Mzee mwenye sonona anasahau, anajitenga, anajibu polepole. Asiyefundishwa atamwandika demensia na kumnyima tiba. Kinyume chake kinatisha zaidi. Demensia hufuta ya jana kwanza na kuacha ya zamani, na kwa wazee wetu ya zamani ni 1994. Mama anayejificha chini ya kitanda mtu akigonga mlango, anayewahimiza wanawe waliokufa wanyamaze, anaweza kupewa dawa kali za kutuliza wagonjwa wa akili. Kwa mzee mwenye demensia dawa hizo huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Anachohitaji kwanza ni mtu anayejua amerudi wapi, atakayekaa naye, awashe taa, amwambie kwa sauti ya chini kwamba yuko salama. Hilo linafundishika, na hakuna nchi yenye haki zaidi ya kulifundisha kuliko hii. Fikirieni Intwaza, wazee waliouawa watoto wao wote katika mauaji hayo, wanaotunzwa katika nyumba za Impinganzima. Hawana mtoto wa kumweleza daktari jinsi walivyokuwa kabla ya ugonjwa.

Mafunzo yenyewe yasiwe semina ya siku mbili hotelini. Wilayani Burera tayari tumeona njia nyingine: manesi waliobobea katika afya ya akili waliwafuata wenzao vituoni, wakaketi nao mbele ya wagonjwa na kurudi tena na tena. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera ina watu wa kuifanya kazi hiyo kwa wilaya za Kigali: Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani una sura nzima ya demensia. Na mpango wa 4x4 uliozinduliwa 2023, wa kuzidisha mara nne idadi ya wahudumu wa afya, unajaza madarasa sasa hivi. Somo hili likikosekana katika mitihani yao, tutakuwa na wahudumu mara nne wanaosema "ni uzee".

Mtaniambia kazi ni nyingi na mikono ni michache. Ni kweli. Lakini nesi anayefuatilia presha na kisukari tayari anaukinga ubongo, na wagonjwa wale wale ndio wanaozeeka mikononi mwake. Dakika chache za maswali hazizidi gharama ya familia inayozunguka maduka ya dawa, vyumba vya maombi na waganga hadi akiba iishe.

Demensia yenyewe haina dawa ya kuiponya, na daktari afundishwe kulisema hilo kwa ukweli, kisha asiondoke. Mlezi, ambaye mara nyingi ni binti aliyeacha biashara yake, anahitaji kuelezwa kwamba kubishana na mgonjwa hakusaidii, kwamba usiku utakuwa mgumu, na kwamba mambo ya ardhi yaandikwe mapema mgonjwa akiwa bado anaelewa.

Naomba mtujibu hadharani mambo matatu: ni mwaka gani wa masomo somo hili litaingia katika mitaala ya manesi na madaktari, ni vituo vipi vya Kigali vitakavyoanza, na ni nani atakayewafuata wahudumu hao vituoni mafunzo yakishaisha.

Kwa heshima,
Mlezi wa mgonjwa, Nyamirambo, Kigali