Kufuli linauona mzigo, halimwoni dereva

Wadau, juzi nilikuwa nakunywa chai kwa mama ntilie hapa Mwanga, Kigoma. Jirani yangu mezani alikuwa dereva wa lori, macho mekundu kama pilipili. Kontena lake limetoka bandari ya Dar es Salaam, linakwenda Burundi kupitia Manyovu, na milangoni lina kufuli la kielektroniki.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nikisimama porini, tajiri anapiga simu: kuna nini? Nikiendesha usiku kucha, hakuna anayepiga."

Maneno hayo yameninyima usingizi.

Kwa wasiolijua, kufuli hilo ni la TRA, kwa mizigo ya kwenda nchi jirani. Lina GPS na laini ya simu. Lori likiacha njia iliyopangwa, au kufuli likivunjwa, taarifa inafika kwenye chumba cha ufuatiliaji. Na lina maana: mzigo wa transiti haulipiwi ushuru wa kuingizwa nchini, hivyo ukishushwa njiani na kuuzwa kinyemela, taifa linapoteza kodi na mfanyabiashara mwaminifu anaumia. Hapo sina ugomvi.

Mizani nayo iko macho. Tangu Machi 2019 tunatumia sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, mwisho tani 56. Pale Vigwaza lori linapimwa huku linatembea.

Kwa hiyo tunajua mzigo uko wapi na una uzito gani. Je, nani anajua dereva amelala saa ngapi?

Ulaya, tangu 2006, malori mapya yanafungwa kifaa cha kidijitali kinachorekodi saa za dereva. Akiendesha saa nne na nusu, lazima apumzike dakika 45. Sisi hata hatuhitaji kuanzia sifuri. Kufuli lenyewe tayari linajua lori limetembea tangu saa ngapi na limesimama wapi. Kinachokosekana ni mtu wa kulisoma kwa ajili ya dereva, na wa kumbana tajiri anayemhimiza.

Najua mtaniambia mzigo utachelewa. Sawa, lakini lori likipinduka kwenye kona za huku, mzigo utawahi? Na akina mama wanaouza ndizi pembeni mwa barabara, wao wana kufuli gani?

Yule kaka alimaliza chai, akanawa uso, akapanda lori lake. Hakuna kifaa kilicholia.

Naomba kutoa hoja. Wewe unasemaje?