Herufi Moja Ikigoma

Wazazi wengi wa Unguja siku hizi hujinyima ili kumnunulia mtoto kompyuta ya kukunja, ile tuiitayo laptopu. Fedha za mwani na za mbuzi zote huingia humo. Kisha siku moja herufi A yakataa kuandika, na mtoto ana insha ya kupeleka chuoni Jumatatu. Afanyeje? Bila A, katika lugha yetu hata neno "baba" haliandikiki.

Basi safari ya mjini huanza. Daladala mpaka Darajani, halafu duka kwa duka, Mlandege na vichochoro vya Mji Mkongwe. Fundi asema, "Spea hii hapa haipo, labda Dar es Salaam." Mwaagiza Kariakoo, boti yaileta kwa saa mbili hivi, kumbe utepe wake wa waya hauingii. Nauli imekwenda, na herufi bado imegoma.

Kwa nini iwe hivi? Tazameni cherahani cha bibi. Sindano ya namna moja huingia katika vyerahani vingi vya nyumbani, hata vya makampuni mbalimbali. Kibodi ya laptopu sivyo. Kila aina ina umbo lake, matundu yake ya skrubu na utepe wake. Tena nyingine zimepigwa ribiti kwenye bodi ya juu, hata hulazimu kubadili sehemu yote.

Msidhani ni shida ya maskini tu. Tangu mwaka 2015 kampuni ya Apple ya Marekani iliuza laptopu zenye kibodi nyembamba mno, na chembe ya vumbi iliweza kukwamisha kitufe. Mwaka 2018 ikaanza kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi ya wanunuzi, ingawa haikukiri kosa. Kwetu sisi kuna vumbi, na tena chumvi na unyevu wa bahari.

Haya basi, shikeni mambo haya. Kabla ya kununua, mwulizeni fundi ni aina ipi yenye spea nyingi mjini. Kibodi ikiharibika, msiagize kwa jina la kampuni tu. Fundi aifungue, asome namba iliyobandikwa mgongoni mwake. Angalieni kitufe cha Enter: katika kibodi za Kimarekani kimelala, katika za Kiingereza kimesimama. Msilipe kabla ya kujaribu kila herufi. Na chai ikimwagika, zimeni upesi, chomoeni umeme, ipindueni kifudifudi, wala msiiwashe mpaka ikaguliwe.

Insha ya Jumatatu je? Nunueni kibodi ya nje yenye waya wa USB. Bei yake ni ndogo, nayo huingia karibu katika kila kompyuta. Mtoto aandike nayo huku spea ikitafutwa.

Nanyi mafundi, mwambieni mteja kweli siku ya kwanza. Kama spea haipatikani, semeni haipatikani. "Njoo kesho" mara tano ni nauli tano za mtu wa Makunduchi, na huenda kwa fedha hiyo angekwisha kununua kibodi ya nje.